Kanisa Lililotua Kwenye Maharagwe

Vijana, mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita kwa sababu nyumba ilipita dirishani.

Siwapigi fumbo. Tulikuwa kwenye somo la jiografia, katika shule moja upande wa Embu, mwalimu anachora ziwa ubaoni. Nikatazama nje nikaona paa la mabati linatembea juu ya ua wa shule. Baada ya paa zikaja kuta, halafu dirisha lenye pazia, na pazia linapepea kana kwamba ndani kuna watu wanakunywa chai. Chini ya nyumba kulikuwa na miguu, mingi kuliko ya jongoo. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, mwalimu akanipa. Ruhusa hiyo naitumia mpaka leo.

Mbele ya ile nyumba alikuwa mzee mfupi wa Kimbeere aliyeitwa Njeru. Alitembea kinyumenyume, uso kwa uso na nyumba, akiipigia kelele kama mtu anayemrudisha ng'ombe zizini.

"Wewe ni wa nani?" aliniuliza bila kusimama.

"Wa pale shule."

"Na hapa unatafuta nini?"

"Nataka kujua nyumba ikifika kwenye kona inakata vipi."

"Shika hiyo boriti ya nyuma. Utajua."

Nilishika, na sikuiachia kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimehamisha nyumba kutoka Mbeere kwenye vumbi mpaka Tigania kwenye matope, hadi bega la kulia likakataa kazi. Watu waliniita Konokono. Sasa nimepanga chumba kule Majengo, Meru mjini, nyumba ya mawe ambayo hata ukiisukuma haiendi popote, na ndiyo maana nina wakati wa kuwaandikia.

Ninyi mmezoea nyumba za mawe, kwa hiyo nieleze kidogo. Nyumba ya mbao na mabati si mali ya ardhi, ni mali ya mwenyewe, kama godoro. Ndugu wakigawana shamba, na nyumba ya mmoja ikajikuta kwenye kipande cha mwingine, haivunjwi. Inabebwa. Unazunguka nguzo zote ukichimbua moja moja, unakata kile kipande cha chini kilicholiwa na mchwa, unafunga boriti ndefu za urefu na za upana, kimo cha kifua, mpaka nyumba inakuwa kama machela yenye paa. Mabati ya chini unayabandua, ili walio ndani waone miguu yao. Milango na madirisha unaacha wazi, kwa sababu upepo ukikuta nyumba imefungwa unaifanya mwavuli. Halafu watu wanainama, wanaweka mabega, mmoja anaita, wote wanasimama.

Neno ni hilo: mmoja anaita. Mzee Njeru alikuwa akisema nyumba haibebwi kwa mabega, inabebwa kwa masikio. Nilidhani ni maneno ya wazee mpaka nilipoona nyumba yenye waitaji wawili. Ilikuwa na vyumba viwili. Baada ya hapo ikawa na vitatu.

Jambo la pili, angalia darini. Hili nililijifunza Kiambere, karibu na bwawa, nyumba ya mfugaji mmoja wa mbuzi. Nilikagua nguzo, nikakagua kamba, nikakagua njia yote mpaka mwisho. Darini sikukagua. Tulipofika katikati ya njia nyuki wakatoka kuuliza wanapelekwa wapi. Watu thelathini waliiachia ile nyumba kwa wakati mmoja, bila mtu kuita, wakakimbia upande mmoja. Sijaona umoja kama ule tena. Nyumba ikaegemea mgunga na ikakaa. Mwenyewe akaizunguka mara mbili, akasema, "Si mbaya. Hapa naona mbuzi vizuri zaidi." Akaishi hapo, imeinama hivyo hivyo, na ukimtembelea ilibidi ushike kikombe kwa mikono miwili.

Jambo la tatu, mteja asibaki ndani. Hapa Majengo palikuwa na muuza nyama, Mzee Salim, kibanda chake cha mbao kilitakiwa kusogea hatua mia moja hivi kupisha mtaro. Alikataa kufunga kwa sababu alikuwa amechinja asubuhi. Tukambeba na kibanda, na nyama zimening'inia, na mizani imening'inia, na wateja wanatembea kandokando yetu.

"Salim, hiyo kilo inayumba," mama mmoja alilalamika.

"Na wewe yumba nayo," Salim akamjibu, akamkatia figo.

Nikiwatazama ninyi wa siku hizi nacheka. Kazi ile imekwisha, kreni inainua nyumba kwa dakika kumi, na mahali ambapo kreni haifiki kila mbebaji ana mkono mmoja kwenye boriti na mwingine kwenye simu, anajipiga picha. Nyumba ya watu arobaini inabebwa na watu ishirini. Lakini nilitaka kuwaambia habari za kanisa, nimezunguka kwa sababu nikianza na kanisa mtadhani nataka kuwahubiria.

Aliyeniita alikuwa Pasta Nyaga. Mtu wa Embu, kijana, nilikuwa nimewahi kuhamisha nyumba ya mama yake. Alikuwa amepelekwa kuchunga kanisa dogo kwenye mteremko karibu na Mikinduri. Kanisa la mbao na mabati, futi ishirini kwa arobaini, sakafu ya udongo. Lilisimama kwenye kiwanja ambacho mzee mmoja alikuwa amewapa waumini kwa mdomo tu, na mzee akafa na mdomo wake, na mtoto wake akauza. Aliyenunua alikuwa mtu wa heshima, akawapa miezi mitatu. Ile miezi mitatu waumini waliitumia kubishana.

Nilifika Ijumaa. Trakta ya mnunuzi ilikuwa inakuja Jumatatu.

"Tunahamia wapi?" nilimuuliza pasta. Hilo ndilo swali la kwanza la kazi yetu, hata kabla ya salamu.

Pasta akatazama viatu vyake. "Kuna viwanja viwili, fundi. Kimoja juu ya mteremko, kimoja chini."

"Sawa. Tunakwenda kipi?"

"Hapo ndipo tulipo."

Nikaelezwa. Waliotaka juu walikuwa na Mzee Kirema, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mrefu, mkavu kama fito, aliyesema kwamba kule juu hakuna kelele za soko na mtu anaweza kusikia dhambi zake. Waliotaka chini walikuwa na Mama Kananu, mjane, kiongozi wa akina mama, ambaye alisema kwamba wazee wenye magoti mabaya hawawezi kupanda mlima kila Jumapili, na Mzee Kirema anataka juu kwa sababu ni mlangoni kwake. Walipiga kura mara nne. Mara zote sawa kwa sawa, kwa sababu kila upande ulikuwa unakwenda kuwatoa wagonjwa wake kitandani.

"Na msipokubaliana?"

Pasta akanipeleka ndani akanionyesha mabati. Kila bati lilikuwa limeandikwa kwa chaki, J ya juu au C ya chini. Mabao ya kukalia pia, J na C. Hata madirisha. Kamati ilikuwa imeandika na kutia sahihi kwamba ikifika jioni ya Jumamosi bila kanisa kupata mahali, linavunjwa, kila upande unabeba vyake, na kila mtu aabudu kwao. Mimbari peke yake haikuwa na chaki. Walikuwa hawajajua itakatwa vipi.

"Fundi," pasta akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala wiki nzima, "likivunjwa hili halitajengwa tena. Nawajua. Watakuwa makanisa mawili, mwakani manne, mwishowe kila mtu na bati lake. Wewe chimba nguzo. Wakishaliinua pamoja wataona haya kugombana. Mungu ataonyesha njia."

Nilijua ni vibaya. Katika kazi yangu Mungu huonyesha njia kabla ya kuinua. Lakini nilikuwa na udadisi, na udadisi umeniharibia maisha na kunifurahisha kwa kiasi kile kile. Nilitaka kuona kanisa lisilojua linakokwenda likienda.

Jumamosi asubuhi walikuja watu kama themanini, pande zote mbili, wamevaa nguo za shamba. Nikawaeleza kazi. Nikasema warefu wakae upande wa chini wa mteremko, wafupi upande wa juu, ili boriti iende sawa. Mzee Kirema akainua mkono.

"Fundi, sisi tutashika mbele, upande wa madhabahu. Tumeshapanga."

"Na sisi nyuma, mlangoni," akasema Mama Kananu. "Tumezoea kuwafuata hawa tukiangalia wanachokosea."

Hapo ndipo nilipokosea, vijana, na ninawaomba mnisikilize vizuri. Niliwaacha wasimame walivyotaka. Nilidhani mtu hubeba vizuri akiwa na wenzake. Kumbe mtu akiwa na wenzake tu hubeba kuelekea kwao.

Niliita, wakainama. Niliita, wakasimama. Kanisa likang'oka ardhini, kuku watatu wakatoka chini yake ambao hakuna aliyewahi kuwaona, na akina mama waliokuwa ndani wakaanza kuimba. Nikasema, "Hatua moja mbele." Walio upande wa madhabahu wakaenda juu. Walio upande wa mlango wakaenda chini. Kwa kuwa kanisa halikuweza kufanya yote mawili, likazunguka.

Lilizunguka polepole, kama jiwe la kusagia. Nilikuwa mbele yake, nikajikuta ubavuni, nikakimbia kuwa mbele tena, nikajikuta nyuma. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Walio ndani hawakuona chochote ila miguu yao, kwa hiyo waliendelea kuimba na kutembea wakiamini tunafika. Pasta Nyaga alikuwa ndani pia. Nilimsikia akisema, "Naona tunakwenda vizuri."

"Vuteni, watu wa Mungu," Mzee Kirema alikuwa akiwaambia wenzake.

"Msiachie," Mama Kananu akawaambia wake. "Wakishinda hapa tutapanda mlima mpaka siku ya kufa."

Kitu kinachovutwa pande mbili kwenye mteremko hakibaki mahali pake. Kinateleza kandokando. Likizunguka hivyo, kanisa likatoka kwenye kiwanja, likapita juu ya mtaro, na nilipoona wamechoka nikaita washushe kabla hawajaangusha. Wakashusha. Kanisa likakaa katikati ya barabara ya Mikinduri, limeziba toka ukingo hadi ukingo, madhabahu yanaangalia sokoni.

Tulikaa chini kila mtu na upande wake. Hatukukaa sana. Pikapu ya miraa ilikuja kwa mwendo ambao pikapu za miraa huja nao, ikafunga breki, pua yake ikasimama mlangoni mwa kanisa. Dereva akatoa kichwa nje. Akatazama kulia, kushoto, juu. Alikuwa mtu aliyepita hapo kila siku na hakumbuki kanisa.

"Hii imejengwa lini?" akauliza.

"Leo," mtu akamjibu.

"Na itaondoka lini?"

"Tunashauriana."

"Mna miezi mingapi mmeshauriana?"

"Mitatu."

Dereva akashuka. Lazima mjue kwamba miraa ikichumwa ina saa zake, ikinyauka ni kuni. Akaingia kanisani kwa mlango wa nyuma, akatembea mpaka mlango mdogo wa ubavuni mwa madhabahu, akachungulia ng'ambo. Kulikuwa na pikapu nyingine huko imekwama, inarudi tupu. Akarudi, akavua kofia kwa sababu alikumbuka alipo.

"Pasta, sina neno na dini. Magunia yangu yapite humu ndani. Yule mwenzangu atapakia upande wa pili."

Kanisa lile lilikuwa limepiga vita miraa kutoka mimbarini tangu lianze. Mzee Kirema mwenyewe alikuwa amelima miraa na kuificha nyuma ya kahawa, kila mtu alijua. Pasta akafikiri kidogo, akasema, "Yapite. Lakini yasisimame."

Basi watu wakasimama. Hakuna aliyewapanga. Mtu akiona gunia linakuja hunyoosha mikono, ndivyo tulivyoumbwa. Wakajipanga kutoka mlango hadi mlango, mmoja hapa, mmoja pale, popote palipokuwa na nafasi, gunia likipita kutoka mkono hadi mkono. Nilimwona mtu wa juu akimpa mtu wa chini, naye akampa wa juu. Nilimwona Mama Kananu akipokea gunia kutoka kwa Mzee Kirema.

"Shika vizuri," Mzee akasema, "si unga huo."

"Wewe ndiye unayeujua uzito wake," akamjibu, na watu wakacheka, pande zote, hata pasta, ambaye aligeuza uso.

Gunia la mwisho lilipotoka nikaona kitu ambacho Mzee Njeru angekiona mapema kuliko mimi. Walikuwa wamechanganyika. Bila kukusudia, kila mtu wa juu alikuwa amesimama kati ya watu wa chini. Sikuwapa nafasi ya kufikiri.

"Msisogee," nilisema. "Walio ndani, kila mtu ashike boriti iliyo karibu naye. Walio nje pia. Hapo hapo mlipo. Inameni. Simameni."

Kanisa likainuka mara moja, jepesi, sijawahi kuona. Hakuna aliyeweza kuvuta kwao, kwa sababu jirani yake angevuta kwao pia na wote wawili wangebaki walipo. Walisimama wakinisikiliza. Watu themanini, kimya, kanisa mabegani, masikio yote yangu.

Na mimi sikuwa na la kuwaambia.

Mkiwahi kupata kazi ambayo watu wote wanawasikiliza, kumbukeni hofu niliyoipata siku ile. Barabara ilipanda kushoto na kushuka kulia. Yeyote ambaye ningemchagua angepata kanisa, na mwingine angepata chaki yake.

"Fundi, wapi?" mtu akauliza.

"Fundi, mabega," akasema mwingine.

Mzee Kirema alikuwa kwenye kona, chini ya nguzo nzito kuliko zote. Mtu wa miaka yake hakupaswa kuwa pale, lakini magunia yalikuwa yamemwacha pale. Akaikumbatia boriti kwa mikono yote miwili. "Basi chini," akasema. "Twendeni chini. Nimekubali."

Nilishukuru Mungu, lakini nilishukuru mapema. Mama Kananu alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Chini sasa?" akasema. "Miezi mitatu tumekuomba ukakataa, leo unakubali kwa sababu umechoka? Sitaki chini ya kuchoka. Twende juu, usije ukasema tulikuonea."

"Mama Kananu, nimesema chini."

"Na mimi nimesema juu."

Wa upande wa juu wakaanza kusema chini, kwa kumtetea mwenyekiti wao. Wa chini wakasema juu, kwa kumtetea mama yao. Kanisa likatikisika. Ile kamba ya kona ya Mzee Kirema ikalia, nikaona boriti inakunjika na uzito unamshukia yeye peke yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa mtu ambaye angekufa kabla ya kuomba mtu amsaidie kushika.

Mama Kananu alimwona. Nilimwona akimwona. Akageuza kichwa kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka sufuria ya moto.

Ng'ambo ya barabara, sawa kabisa na tulipokuwa, si juu wala chini, palikuwa na shamba la maharagwe. Ndicho kipande pekee cha tambarare katika mteremko ule, na kilikuwa chake. Maharagwe yalikuwa yameanza kufunga maganda. Hakuna aliyewahi kulitaja shamba lile katika miezi mitatu, kwa sababu hata mbuzi wa kijiji kile walifundishana kulipita mbali.

"Ingizeni kwangu," akasema.

Hakuna aliyesogea. Walidhani ni kejeli.

"Mmekuwa viziwi? Ingizeni shambani kwangu kabla huyu mzee hajatufia, tumkose wa kugombana naye. Na mnisikilize." Akalitazama shamba lake. "Nimepanda kwa mistari. Miguu inapita kati ya mistari. Walio ndani mnaona miguu yenu, hakuna mwenye kisingizio. Atakayekanyaga hata mche mmoja, nawajua wote kwa majina."

Kazi yangu ilikuwa imechukuliwa na mwenye kuiweza. Akaita yeye: mguu wa kulia, ngoja, wa kushoto, ngoja, wewe wa nyuma unaenda wapi. Nimebeba nyumba miaka yote ile na sijaona mbebo kama ule. Watu themanini wakivuka barabara kwa ncha za vidole, macho chini, kanisa zima juu yao limetulia kama maji kwenye mtungi. Hakuna aliyefikiria juu wala chini. Walifikiria maharagwe. Mtu akikosea hatua, jirani yake, awe wa upande gani, alimsogeza kwa nyonga na kusema taratibu, "Mche huo." Dereva wa miraa, ambaye sasa barabara ilikuwa wazi, hakuondoka. Alisimama kofia mkononi mpaka tukamaliza.

"Tueni," akasema Mama Kananu. "Polepole. Kama mnalaza mtoto."

Wakatua. Mzee Kirema akaketi chini pale pale alipokuwa, mgongo kwenye nguzo, na wa kwanza kumletea maji alikuwa mtu wa chini, jina lake sikulijua. Mbavu za kanisa zilivunja mstari mmoja na nusu. Nilihesabu, kwa sababu mama alihesabu.

Sasa sikilizeni ujinga ulioendelea, maana sijausikia mahali pengine. Tulisimamisha nguzo, tukapigilia mabati, tukaingiza mabao ya kukalia. Mama Kananu akasimama mlangoni akasema kanisa amelipatia ardhi, lakini maharagwe hajampa mtu. Yako ndani, ni yake, hayang'olewi mpaka yakauke. Kwa hiyo Jumapili watu waliabudu kwenye maharagwe. Mabao yaliwekwa kati ya mistari. Waliokuja kupokea baraka walikuja kwa mstari wa tatu na kurudi kwa wa nne. Pasta Nyaga alihubiri akiwa ameinua mguu mmoja, hakupata pa kuweka mwingine. Trakta ilikuja Jumatatu ikakuta kiwanja kitupu, na mwenye trakta akavuka barabara kutazama, akatoka akitikisa kichwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha siku ile ya Jumamosi. Nilikaa mwezi mmoja zaidi. Nilitaka kujua kama maharagwe yanaweza kuiva chini ya paa.

Shida ilikuwa mvua, maana mvua haingii kanisani. Siku ya nne majani yakaanza kulegea. Siku ya tano, asubuhi, nilikwenda kuangalia kamba zangu, nikakuta mlango wazi. Mzee Kirema alikuwa ndani na mtungi wa lita ishirini, ameukokota kutoka kwake kule juu kwa toroli. Alikuwa anamwagilia kwa kopo, mche kwa mche, amejikunja, bega lililoumia siku ile bado limefungwa kitambaa. Mama Kananu alikuwa ameketi kwenye bao la mbele, mikono imekunjwa, anasimamia.

"Hapo umeruka mche," akamwambia.

"Sijaruka. Huo una maji ya jana."

Akaendelea mpaka akafika ukutani, upande wa dirisha linaloangalia mlima. Akasimama kunyoosha mgongo, akayatazama maharagwe kwa muda.

"Mama Kananu, umeona? Yote yameinama kuelekea juu."

"Yanafuata mwanga, Mzee. Dirisha liko huko." Akasogea kidogo kwenye bao, akampisha nafasi. "Keti upumzike. Umebakiza mistari miwili."